Jani Juu ya Moyo wa Ezili

Kati ya karakana yangu na chumba cha kazi cha Evanie palikuwa na ukuta wa mbao tu, mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya upande huu, yeye upande wa pili huniambia pole. Ni mtaa wa chini hapa Jacmel, karibu na ufuko, ambako nyumba za zamani za matajiri wa kahawa zimebaki na baraza zao za chuma zilizoshika kutu. Mimi hutengeneza vinyago vya karatasi na gundi ya muhogo kwa ajili ya kanivali. Evanie alikuwa, na mpaka leo ni, mchora tatuu. Haya ninayosimulia mengine niliyasikia kupitia ukuta ule, na mengine alinieleza mwenyewe tukiwa tumekaa mlangoni tukingoja wateja.

Alizaliwa pacha. Mwenzake aliitwa Solanj. Mama yao, Idalia, ni manbo, kiongozi wa ibada mwenye nyumba yake ya lwa, yaani roho wanaoitwa kwa ngoma, huko juu mlimani, na kwa watu wanaowatumikia lwa, kupata pacha si jambo la mzaha. Pacha wana nguvu zao, wana wivu wao. Ukimpa mmoja ndizi ukamsahau mwenzake, usishangae tumbo likikusokota. Idalia aliwalea hivyo, magauni mawili ya kitambaa kimoja, na hata kofi, akimpiga mmoja alimpiga na wa pili.

"Na mimi nimefanya nini?" Evanie alikuwa akiuliza.

"Hujafanya kitu. Nakupiga ili mwenzio asijione yuko peke yake."

Kwa mama yao ndiko Evanie alikojifunza veve, ile michoro ya kuwaita lwa. Idalia alikuwa akishika unga wa mahindi mkononi, akiudondosha kati ya kidole gumba na cha shahada, na mstari ukawa unashuka chini mwembamba kama uzi. Msalaba wa njia panda wenye mkongojo pembeni ni wa mzee Legba, mfungua lango. Nyoka wawili wanaotazamana ni Danbala na mkewe. Jahazi ni la Agwe, mwenye bahari. Moyo uliogawanywa vyumba vyumba kama wavu ni wa Ezili Freda, bibi wa mapenzi, manukato na pete. Moyo uliochomwa jambia ni wa Ezili Danto, mama mwenye makovu usoni, ambaye mwanawe haguswi. Ngoma ikianza, watu wanaingia na kucheza juu ya mchoro mpaka unga wote umetawanyika, na hakuna anayesikitika. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwa hiyo Evanie aliposhuka mjini akaanza kuwachora watu veve kwenye ngozi, kwa wino, mama yake alinuna kwa muda mrefu. Hatimaye akaja kujionea mwenyewe. Akaketi kwenye kiti cha wateja, kikapu mapajani.

"Veve ni mlango, mwanangu. Tunaufungua, mgeni anaingia, tunaufuta kwa miguu. Wewe unamwachia mtu mlango wazi begani mpaka aingie kaburini."

"Siuchori mzima, mama. Kila mara naacha kitu. Nyota, au ncha ya mstari."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna. Nimefikiri mwenyewe."

"Haya. Siku hizi kila mtu anafikiri mwenyewe," Idalia alisema, lakini kahawa aliipokea.

Wateja walikuja wa kila namna. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza vocha za simu alitaka msalaba wa Bawon shingoni.

"Bawon unamjua?" Evanie alimuuliza.

"Si yule wa kofia ndefu na miwani?"

"Ni mwenye makaburi. Ukimweka hapo, mama yako atakutazama vipi mkikaa kula?"

"Mama hanitazami hata sasa."

"Basi kaa. Usitikisike."

Akaja msichana aliyekulia ng'ambo, na picha kwenye simu, akitaka jahazi la Agwe mgongoni. Evanie akaigeuza simu, akaigeuza tena. "Mpenzi, hili jahazi limepinduka. Ukitaka nikuchore hivi, rudi kwenu salama kwanza, ukishuka kwenye ndege ndipo unipigie." Msichana akacheka, nami huku kwangu nikacheka, na Evanie akagonga ukuta kuniambia nifanye kazi yangu.

Solanj alikuwa na meza ya manukato na viatu vya mtumba sokoni. Sauti yake ilitangulia kufika kabla yake. Alimpata mwashi mmoja, Ilfrid, mtu mpole mwenye saruji ya kudumu kwenye kucha, na walipokaribia kuoana wakaja wote wawili kwa Evanie kutaka moyo wa Freda, yeye kifuani, Ilfrid mkononi, chini ya kiwiko. Idalia hakutaka. Freda ana wivu, alisema, humchukua ampendaye.

"Mimi na Freda tunapenda vitu vilevile, mama," Solanj alimjibu. "Tutaelewana."

Alipolala kwenye kitanda cha kazi akamwambia dada yake, "Mimi usinipunguzie. Mimi si mteja." Evanie akamchora moyo mzima, na kila chumba chake na kila nyota yake. Wa Ilfrid akauacha bila ncha ya chini, kama kawaida yake.

Hawakumaliza hata mwaka wa ndoa. Mvua kubwa ziliponyesha visima vikaingia uchafu, homa ya matumbo ikapita mtaani. Wengi waliugua wakapona. Solanj aliugua, akapata nafuu, akala supu, akamtania muuguzi kuhusu viatu vyake, kisha utumbo ukatoboka na asubuhi iliyofuata akawa amefariki.

Evanie ndiye aliyemsuka nywele na kumvalisha. Nilikuwepo kwenye mazishi. Alisimama pale makaburini na gauni jeupe, akamwekea mama yake mkono begani mama alipopiga kelele, akamzuia Ilfrid asianguke, akawagawia wachimba kaburi kleren, pombe kali ya miwa, kwenye kikombe kimoja, kwa zamu. Hakutoa chozi. Matanga hayakosi maneno, na wanawake waliokuwa wakikaanga ndizi nyuma ya nyumba hawakujali kushusha sauti.

"Macho makavu vile, mbona."

"Atalia nini? Si ndiye aliyemfungulia mlango?"

"Mzima mzima alimchora. Wala hakuacha kitu. Kwa wageni anaacha, kwa nduguye hakuacha."

Evanie alikuwa amesimama karibu na pipa la maji, akiosha vikombe. Aliyasikia. Akamaliza vikombe, akavipanga. Baadaye nilimuuliza kama maneno yale yalimchoma. "Niliona ni kama wanazungumza habari za mji mwingine," alisema.

Idalia alifanya yanayofanywa pacha mmoja akibaki. Alimwosha Evanie kwa majani, akamwita marehemu na kumwambia waziwazi kwamba huyu anabaki, asimvute. Evanie alisimama ndani ya beseni akimwagiwa maji, mikono pembeni, mtiifu kama mtoto anayepimwa nguo.

Kisha akarudi kazini. Watu walidhani ataweka sindano chini. Ndiyo kwanza mkono wake ukatulia kuliko zamani. Mistari ilitoka safi, haikupinda. Lakini mazungumzo yalikwisha. Mtu akija akitaka panga la Ogou, mwenye chuma na vita, alichorwa panga la Ogou, akaondoka. Hakuuliza tena mama atakutazamaje. Huku kwangu nilisikia mashine ikivuma, ikinyamaza, ikivuma. Nikimpelekea sahani ya mayi moulen, ugali laini wa mahindi, na maharage alikula yote. Nisipompelekea hakula.

"Ni kama shavu lililochomwa ganzi kwa daktari wa meno," aliniambia siku moja, tukiwa mlangoni. "Unajua lipo. Unaling'ata, unajua umeling'ata. Basi."

"Itakwisha."

"Labda."

Alikunja sketi kidogo, akanionyesha juu ya goti. Alikuwa amejichora mwenyewe alama ya Marasa, pacha watakatifu, duara tatu zilizoungana kwa mstari mmoja. Mbili ni za pacha, ya tatu ni ya mtoto anayezaliwa baada yao, ambaye kwa Idalia hakuwahi kuzaliwa. Ngozi ilikuwa bado imevimba.

"Hii uliichora kwa nini?"

"Nilitaka nione kama itauma."

"Ikauma?"

"Niliona damu," alisema, akateremsha sketi.

Mwaka ulipogeuka Idalia aliandaa karamu ya pacha, nami nilipanda mlima pamoja na Evanie kwa sababu nilikuwa na kinyago cha kupeleka njiani. Watoto wa mlima mzima walikuja. Chakula kiliwekwa kwenye chombo kimoja kikubwa cha mti, wali, nyama ya mbuzi, viazi, peremende, soda zikamwagwa humohumo. Majani ya mboga hayakuwemo hata kidogo, kwa sababu pacha hawayataki. Watoto waliingiza mikono, wakasukumana, wakala mpaka masikio yakang'aa mafuta. Evanie aliketi nao chini, akala. Halafu Idalia akauliza kama inavyoulizwa, "Mmeshiba?" Watoto wakapaza sauti, tumeshiba. Kwa sababu Evanie ni pacha, ilibidi aulizwe peke yake.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Nimeshiba."

Idalia alimtazama. "Unajibu kama mtu aliyesimamishwa na polisi," alisema, akaenda kuwanawisha watoto.

Haukupita muda mrefu Ilfrid akaja kwa Evanie. Hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamke mfupi mwenye blauzi ya kanisani, iliyofungwa kifungo mpaka juu, amebeba mfuko wa mkate. Walisimama mlangoni kana kwamba pana mbwa ndani. Mimi nilikuwa nje nikipaka rangi pembe za shetani wa kanivali, kwa hiyo sikuhitaji ukuta.

"Shemeji," Ilfrid alisema.

"Karibuni. Kaeni."

"Huyu ni Kettelie. Sisi... tumepanga mwezi wa kumi na mbili."

"Hongereni," Evanie alisema. Lilikuwa neno tu, halikuwa na ubaya wowote ndani yake.

Ilfrid alikunja mkono wa shati. Moyo wa Freda ulikuwa pale, wavu wake umefifia kidogo kwa jua na saruji. "Kanisa lake hawatatufungisha ndoa nikiwa na hii. Mchungaji amesema. Nimekwenda kwa yule kijana wa stendi, akaniambia atanichora tai juu yake. Nimemwona tai wake, shemeji. Ni kuku."

Kettelie aliangalia chini kuficha kicheko, kisha akaona aibu kwa kucheka. "Mimi nilimwambia asije kwako," alisema haraka. "Nilimwambia si haki. Kama hutaki, dada, tuambie tu tuondoke."

"Kwa nini nisitake?" Evanie alisema. "Kaa hapa. Weka mkono kwenye mwanga wa taa."

Aliutazama mkono kwa muda. Akaeleza, kwa sauti ya fundi anayeeleza bati litawekwa vipi. Moyo wa Freda ni rahisi kuugeuza kuwa wa Danto, unatia jambia, umemaliza, lakini hao wawili hawapatani, na mchungaji hatapenda. Nyoka wa Danbala wangezunguka vizuri, lakini nao ni lwa. Msalaba hapana, kwa sababu kila msalaba una mwenyewe.

"Nataka kitu kisicho cha mtu yeyote," Kettelie alisema.

"Jani," Evanie alisema. "Jani la mshelisheli. Ni pana, lina ncha ncha, mishipa yake itapita juu ya mistari ya wavu. Hakuna atakayejua."

Alianza kazi asubuhi hiyohiyo. Kettelie aliketi kwenye kiti cha plastiki, mfuko wa mkate mapajani. Mashine ilivuma. Evanie alianza na ncha ya juu, akateremka, akiufunika moyo chumba kwa chumba. Wino ulipofika katikati Ilfrid akaanza kulia, kimya kwanza, kisha mabega yakawa yanatikisika.

"Usitikisike," Evanie alimwambia.

"Samahani."

"Pumua nje. Nikigusa mfupa utasikia zaidi."

"Si mfupa, shemeji."

"Najua."

Akamngoja atulie, akaendelea. Kettelie alinyanyuka akampangusa Ilfrid uso kwa kitambaa chake, kisha hakujua aende wapi, akabaki amesimama ameshika kitambaa chenye machozi ya mwanamume yule aliyekuwa akimlilia mke wa kwanza. Ilfrid, akitazama dari, akauliza, "Mimi ulinipunguzia, siyo? Ile ncha ya chini."

"Ndiyo."

"Na yeye hukumpunguzia."

"Alikataa."

"Unadhani ndiyo sababu?"

Mashine ilinyamaza. Mimi niliacha kupaka rangi. Evanie alipangusa wino uliozidi, akainama kutazama mstari karibu.

"Daktari alisema ni maji," alisema. "Mama anasema ni Freda. Nimejaribu kuamini huyu, nimejaribu kuamini yule. Hakuna kinachoingia. Geuza mkono."

Jani lilikuwa zuri. Sijawahi kuona kazi yake iliyo nzuri kuliko ile. Ungeweza kudhani limeanguka tu pale likakauka. Alikataa malipo, si kwa hasira, akasema tu mashine ilikuwa tayari imewashwa. Kettelie akaacha mkate mezani. Walipoondoka Evanie alisafisha sindano, akafuta kitanda, akala mkate mzima akiwa amesimama.

Harusini alikwenda, akakaa na mama yake mdogo, akacheza nyimbo chache. Idalia hakwenda. Watu wakasema tena yao. Ilfrid na Kettelie wakapanga nyumba karibu na daraja, na nilijua Evanie hupita huko mara mojamoja, kwa sababu Kettelie humtumia chakula, na yeye huona ni lazima arudishe bakuli.

Kisha alasiri moja ya mvua, nikiwa nakausha vinyago juu ya jiko la mkaa, nikasikia sauti ya Kettelie upande wa pili.

"Ilfrid hajui nimekuja."

"Kaa. Umelowa."

"Dada, naomba kuuliza kitu, usinifikirie vibaya. Kuna moyo chini ya lile jani. Kila usiku analaza mkono ule juu yangu. Mchungaji anasema ni shetani. Ilfrid anasema ni pambo tu. Mimi nataka mtu anieleze. Nalala na nani?"

Nilisikia kiti kikivutwa, kikombe kikiwekwa mezani.

"Si shetani," Evanie alisema. "Ni Freda. Ni mwanamke anayependa vitu vizuri. Akimpanda mtu kwenye ngoma, tunamletea pafyumu, sabuni mpya, taulo ambalo halijatumiwa, keki. Anavaa pete zote. Anacheza na wanaume wote. Kila mtu anafurahi. Na kila akija, mwisho wake huwa ni uleule. Anaanza kulia. Umempa kila kitu na analia, kwa sababu hakimtoshi. Hakuna kinachomtosha. Anaondoka akilia, na yule aliyepandwa anaamka uso umelowa, hajui kwa nini."

"Maskini," Kettelie alisema.

"Solanj alikuwa hivyo. Si kulia. Kutaka. Alikuwa akinunua pafyumu ya kuuza, anaifungua mwenyewe. Nikimwambia utafilisika, ananipaka na mimi. Nilikuwa nafanya kazi ninanuka waridi, wateja wanapiga chafya." Akasogeza kikombe. "Alikuwa anapenda kulala upande wa ukuta. Tulipokuwa wadogo tulipigania ule upande. Sasa kitanda chote ni changu, na mimi nalala pembeni."

Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Watu wanadhani najikaza," Evanie alisema. "Sijikazi. Nangoja kuona kama kilio kitakuja. Wakati nafunika ule moyo nilisema labda leo. Hakikuja. Niliona jani tu."

"Mimi nilikuogopa siku ile," Kettelie alisema. "Ningekuwa mimi ningemchoma sindano ya jicho."

Hapo nikasikia Evanie akicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kikakatika. Kisha Kettelie akauliza pafyumu ile iliitwaje, na Evanie akamwambia, akaanza kumweleza kuhusu meza ya sokoni, kuhusu mteja aliyerudisha kiatu kimoja akabaki na kingine, kuhusu Solanj kumtukana mtoza ushuru kwa maneno ya heshima tupu. Alizungumza mpaka mkaa wangu ukafifia. Sauti yake haikupanda wala kushuka, lakini haikukoma.

Mvua ilipopungua nilimwona Kettelie akitoka, viatu mkononi, akiruka madimbwi. Evanie alikuwa mlangoni.

"Jumapili uje ule," Kettelie alimwambia akiwa barabarani. "Ilfrid anachinja kuku."

"Nitakuja," Evanie alisema. Akaangalia mawingu, akaingia ndani kutoa ndoo zilizokuwa zikikinga maji yanayovuja.